Kindi na Jembe la Siku ya Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walijenga nyumba, walipika uji na kusengenyana kama sisi, palikuwa na kijiji kiitwacho Kivumoni. Sogeeni. Nawe uliye nyuma, acha kutafuna, usikilize.

Kindi alikuwa mmenyaji wa karanga. Yeye na wenzake ishirini walimenya karanga za kijiji kizima, pwa, pwa, pwa, kutwa. Kisha Tembo, mkuu wa kijiji, akagundua kwamba akizitandaza karanga mkekani na kuzikanyaga taratibu, asubuhi moja anamaliza kazi ya mwezi. Tifu! Tifu! Kwisha. Wamenyaji wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Shukuru Mungu, kijiji kilikuwa na ghala. Kila mwenye mavuno alitia fungu lake humo, na asiye na kazi alipewa kibaba cha mtama kila siku ya gulio. Hata Kindi, enzi zake, alitia fungu bila kununa.

Masika yakapita matatu. Siku moja Tembo akaita baraza.

"Aliyekaa masika matatu bila kazi," akanguruma, "kibaba chake basi!"

"Naam!" akadakia Nyati, jirani yake. "Wamezoea vya bure hao! Ukimpa mvivu kibaba, unamtandikia kitanda."

Kindi akasimama juu ya kigoda ili aonekane. "Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba."

"Kazi yenyewe iko wapi, Mzee wangu?"

"Atafutaye hachoki!"

"Nimetafuta. Nimekuja kwako mara saba kuazima jembe. Majembe yote ya kijiji yamening'inia darini kwako, nawe shamba lako la bondeni limejaa magugu."

"Majembe yangu hayaazimwi kwa wavivu," akasema Tembo. "Baraza limekwisha!"

Kindi akarudi nyumbani akakuta wanawe wawili, Kitete na Kiduchu, wanakomba chungu kilichokwisha kukombwa jana. Moyo ukamuuma, akageuka ukutani wasimwone. Akalia kidogo. Halafu akapangusa macho kwa mkia, akakunja mkeka, akaenda kwa Nungunungu, mmenyaji mwenzake.

"Fungasha, ndugu yangu. Waite na wengine."

"Twende wapi?"

"Ugenini. Kwa Tembo."

Nungunungu akasimamisha miiba yote, chwaaa! "Umeingiwa na wazimu?"

"Desturi ya mgeni huijui?"

Desturi hiyo kila mtoto wa Kivumoni aliijua. Mgeni akipiga hodi harudishwi. Siku mbili anakula bila kuulizwa, siku ya tatu anapewa jembe. Na jembe likipokewa mbele ya majirani, halirudi kwa mwenyewe mpaka mavuno, na alicholima mgeni anavuna mgeni.

"Hatatupa," akasema Nungunungu. "Yule ni mkono wa birika."

"Atatupa mwenyewe, tena akicheka," akasema Kindi.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Hodi hodi!"

"Karib..." Tembo akafungua mlango, akarudi nyuma hatua moja. Uani wamejaa wageni ishirini na moja, na watoto wao, na mikeka yao. Afanyeje? Majirani wanatazama. "Karibuni," akasema kwa shida.

Wakala siku ya kwanza. Wakala siku ya pili. Kitete na Kiduchu walishiba mpaka wakalala huku wameshika mwiko, na Kindi, mama yao, akawatazama kwa furaha.

Jioni ya pili Kindi akaketi chini ya dirisha la Tembo. Mnayajua masikio ya Tembo, hayajaumbwa kwa mambo yake tu.

"Ndugu zangu," Kindi akasema kwa sauti ya kutetemeka, "kwa Tembo raha tupu! Ila naogopa kesho. Akitupa majembe, tumekwisha! Mvivu na jembe wapi na wapi? Tutakimbia mpaka mto wa pili!"

"Mungu apishe mbali!" akaitikia Nungunungu, huku anauma midomo asicheke.

Kule ndani Tembo akakumbatia mkonga wake kwa furaha. "Aha! Kumbe!"

Kulipokucha akapiga ngoma, ti ti ti! Kijiji kizima kikaja, Nyati mbele.

"Njooni muone wavivu wanavyokimbia!" Akashusha majembe darini, kwa! kwa! kwa! "Haya, Kindi, shika!"

"Ole wangu, Mzee, usinipe hilo!"

"Shika, nasema! Nyote shikeni! Majirani, mmeona?"

"Tumeona!"

Kindi akalipokea kwa mikono miwili. Akapiga goti.

"Asante sana, Mzee wangu. Mungu akuzidishie."

Wakashuka bondeni wote, mbio. Chwa! Chwa! Chwa! Magugu yakaruka, udongo mweusi ukatokea. Jua lilipofika utosini, walikuwa wamelima nusu ya shamba, na wanaimba.

Tembo akasimama pembezoni, mkonga umening'inia. "Kindi! Mbona hamkimbii?"

"Tukimbie wapi, Mzee? Masika matatu tunalikimbilia hili."

Kijiji kikaangua kicheko, kwa kwa kwa! Tembo akaona haya mpaka ncha za masikio. Nyati akaona ajitutumue.

"Na huyu?" Akamwonyesha Kobe, mmenyaji mzee kuliko wote, aliyekuwa amelikumbatia jembe asiloweza kuliinua. "Huyu naye alime?"

"Huyo alimenya karanga zako ukiwa ndama," akasema Kindi, na sasa hakuwa akifanya mzaha. "Mrudishieni kibaba chake. Na sisi pia, mpaka mtama ukomae. Au mnadhani jembe linaliwa?"

Tembo akamtazama Kobe. Akatazama udongo mweusi ambao miaka mitano yeye mwenyewe hakuugusa.

"Fungueni ghala," akasema polepole. "Nilikuwa nimekosea."

Siku ya mavuno, wa kwanza kufika ghalani alikuwa Kindi, fungu kichwani, Kitete na Kiduchu nyuma yake, kila mmoja na kikapu chake. Na aliyewafungulia mlango, akawapokea mzigo, alikuwa Tembo.

Hadithi yangu naitua hapo, nanyi ichukueni hii: kabla hujamwita mwenzio mvivu, mpe kwanza jembe.