Jino la Mwisho Halina Haya

Jino la mwisho halina haya. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo fundi cherehani, aliposema shati la Elia limekwisha, bado kifungo kimoja tu. Mkacheka, mkadhani nasema meno yangu. Meno yangu yana haya sana, ndiyo maana yameondoka. Kaeni hapo, wajukuu zangu, mchambue hizo kunde huku mkisikiliza, maana masikio hayachambui. Methali hii ina mwenyewe, na chanzo chake ni hiki.

Pale Ndago, zamani kidogo, alikuwepo fundi mmoja jina lake Mkumbo. Dada yake mkubwa, Damari, alikuwa mjane, na alichoachiwa na marehemu mumewe ni mashine ya kukamua alizeti. Hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na wanawe.

Mkumbo naye alikuwa na karakana nyumbani, banda la bati lisilo na ukuta wa mbele, kando ya njia iendayo bombani. Mwaka huo alinunua mashine ya kukatia meno ya gia, yale magurudumu ya chuma yanayozungushana. Ilikuwa imetumika mahali pengine mpaka wenyewe wakaichoka. Ilikuja na kutu, bila maelezo na bila mtu wa kumwelekeza. Majirani waliizunguka wakauliza kama inataga.

Mkumbo aliisugua, akaitia oili, akakaa nayo kama mtu anavyokaa na mkwe mpya, kimya kimya, akijifunza tabia zake. Ubavuni ilikuwa na sahani ya chuma iliyojaa matundu madogo, na mkono wa kuzungushia wenye msumari nchani. Ukishakata nafasi moja kati ya jino na jino, unazungusha ule mkono, unahesabu matundu, unauchomeka msumari panapostahili, ndipo unakata nyingine. Ukihesabu sawasawa, meno yote yanakuwa ndugu wa tumbo moja.

Alijifunzia kwenye vipande vya mbao. Vya mwanzo viliharibika, wakewe wakavipikia ugali. Hapana, nimekosea, mke alikuwa mmoja. Ni majungu yangu hayo. Lakini baadaye meno yakawa yanatoka mazuri kabisa. Ulikuwa msimu wa kilimo, watu wote wako mashambani, njiani anapita kuku tu.

Mavuno yalipofika, gia kubwa ya mashine ya Damari ikapasuka. Alizeti imejaa uani kwenye magunia ya watu, na wenye magunia wameanza kusema wataipeleka kwa mkamuaji wa ng'ambo ya mto. Mteja akishavuka mto na gunia lake, mwakani harudi. Damari alilijua hilo. Akaja kwa mdogo wake.

"Mkumbo, utaweza?"

"Dada, niachie."

Alikuwa na vipande viwili vya chuma kizuri, vilivyokatwa kwenye ekseli ya lori bovu. Chuma kingine cha namna ile hakikuwepo Ndago nzima. Akafunga cha kwanza kwenye mashine, akaanza.

Sasa, msimu wa mavuno njia ile haikauki watu. Na nyie mnajua kwetu, mtu hapiti kwako kama mbwa. Anasimama, anasalimu, anauliza watoto, mbuzi, mvua, mgongo wa mama mkwe. Nawe huwezi kumjibu umempa kisogo. Mkumbo alilelewa vizuri, hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kila mtu alipopita, Mkumbo aliachia mkono wa mashine, akafuta jasho, akatoka, akanyoosha kifundo cha mkono kishikwe hapo, maana kiganja kina oili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Habari za chuma?"

"Chuma hakijambo."

Akirudi, hesabu imekimbia. Alikuwa kwenye tundu gani? Angeweza kukiweka kando kile chuma akakiri kwamba amepotea. Lakini watu wanatazama, na dada yake yuko pale amewaleta wenye magunia waone kazi inavyokwenda. Basi akakisia. Na kwa kuwa mama yao alikuwa muuza karanga, aliyewafundisha kwamba ukitilia shaka kipimo ongeza kidogo, usimpunje mtu, Mkumbo kila alipopotea aliongeza tundu moja. Akatoa nyongeza kwa chuma!

"Inakwendaje?" Damari anauliza.

"Vizuri, dada."

Na kwa macho ilikuwa vizuri kweli. Tundu moja ni unene wa unywele. Jino la kwanza zuri, la pili zuri, nusu ya gurudumu inang'aa. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele kabla ya wakati. Mzee Njoghomi, aliyekuwa na magunia mengi kuliko wote na salamu ndefu kuliko wote, akasema sasa haendi ng'ambo.

Mkumbo akakata nafasi ya mwisho. Akapuliza vumbi la chuma. Watu wakainama.

Pale mwanzo ulipokutana na mwisho, palisimama jino jembamba kama ukucha wa mtoto. Nyongeza zote zile zilikuwa zimelila hilo.

Mzee Njoghomi akanyoosha kidole. "Na hili nalo, ni la nani?"

"Nadhani chuma chenyewe kilikuwa na kasoro," Mkumbo akasema.

Damari akaligusa lile jino, likapinda. Akamtazama mdogo wake, wala hakupaza sauti.

"Usikisingizie chuma. Ulipotea ukaona haya kusema. Walikusalimu ukaona haya kuwaambia wangoje. Na haya meno mengine yamekuonea haya, yamekusitiri. Hili la mwisho halina haya, limesema yote."

Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mzee Njoghomi akaagiza punda wake watandikwe, avuke mto. Kikabaki kipande kimoja cha chuma.

Kesho yake Damari alikuja mapema na kigoda. Akakiweka katikati ya njia, mbele ya banda, akakikalia, na mwili alikuwa nao.

"Hodi! Mkumbo hajambo?" mpita njia wa kwanza akaita.

"Hajambo. Salamu zote leo nazipokea mimi."

"Nataka kumsalimu mwenyewe."

"Nipe mimi, nitamfikishia."

Mzee Njoghomi naye akafika, punda nyuma yake, magunia migongoni mwao. "Damari, tangu lini mtu akasalimiwa kwa mjumbe? Huyu kijana ana kiburi!"

"Shikamoo, mzee. Kiburi ni changu, yeye hana nafasi ya kukiweka. Weka salamu zako hapa, zikiharibika nitakukamulia nyingine."

Mzee akataka kununa, akashindwa, akacheka. Akawafunga punda kwenye mti wa uzio akaketi chini kungoja. Nyuma yao mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Mara moja tu Mkumbo aliita, "Dada, nimepotea!" kwa sauti, kila mtu akasikia. Akarudisha mkono wa mashine mpaka alama aliyoiweka kwa chaki, akahesabu upya. Hakuna aliyemcheka.

Alipomaliza hakupigiwa kigelegele. Mzee Njoghomi aliinuka, akapitisha kidole kwenye meno, taratibu, akalizunguka gurudumu zima mpaka mwisho, akaendelea, akalizunguka tena.

"La mwisho ni lipi?" akauliza.

"Sijui tena, mzee," Mkumbo akasema.

Mzee akageuka akaanza kuwashusha punda mizigo.

Hayo tu. Elia, nenda kachukue shati lako, maana fundi amesema liko tayari. Ila usiseme asante kwanza. Livae palepale mbele yake, ufunge vifungo kuanzia juu, polepole, naye akikusalimu mwambie angoje. Ukifika chini ukakuta kifungo hakina tundu, usimgombeze. Mwambie tu, bibi anakusalimu, anasema jino la mwisho halina haya.