Heri Kelele Uani

"Heri kelele uani kuliko kimya chumbani." Ndivyo nilivyomwambia Fridolini alipotaka kuliingiza jenereta stoo, ati wageni wa harusi wapate kusikilizana, nanyi mkacheka mkidhani bibi kizee anapenda makelele. Haya, kaeni. Methali hii hamtaikuta kwa mababu wa zamani. Ina mwenyewe na ina kaburi lake, na mkitoka hapa nisimsikie mtu akiisema kwa mzaha. Ilianza hivi.

Hapa kwetu Lihutu, enzi ambazo nguzo za umeme zilikuwa bado maneno ya wakati wa kura, palikuwa na jenereta moja tu la dizeli, mali ya parokia, na mwendeshaji wake alikuwa Kandidus Ndunguru. Bwana yule hakuwa na mchezo na mtambo wake. Hakuuwasha kabla ya kuchomoa kile kijiti akaangalia oili, wala kabla ya kutazama maji kwenye rejeta. Dizeli aliichuja kwa kitambaa safi. Ukishawaka aliuacha ungurume mtupu kwanza, upate joto, ndipo auunganishe na mzigo, na wakati wa kuzima aliondoa mzigo kwanza, mtambo ukapumua. Kuongeza mafuta huku unawaka? Thubutu! Ukimharakisha alikujibu, "Hili si jiko la mama yako." Na kabla ya kuuweka mahali alirusha majani makavu hewani, aone upepo unakwenda wapi, ili moshi usiwaelekee watu.

Mkewe aliitwa Skolastika, binti wa Mzee Hyera, mwanamke mcheshi mpaka basi. Jenereta aliliita mke mwenza. Kandidus akirudi nyumbani na harufu ya dizeli, Skola humpokea mlangoni: "Haya, mke mwenzangu amekula ameshiba? Basi na mimi nikumbuke." Kandidus alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia utani huo. Walipendana wale, jamani. Nasema nilichokiona.

Basi Mzee Hyera akafariki, mwezi wa sita, mnajua baridi yetu ya huku milimani ilivyo, ukungu haupandi mpaka saa sita mchana. Mjane wake, Mama Teonesta, akaketi ndani mkekani pamoja na wanawake wa ukoo, kama desturi, hatoki mpaka mume azikwe. Madirisha yakafungwa kwa ajili ya baridi. Parokia ikatoa jenereta kwa ajili ya vipaza sauti vya kwaya, na Kandidus akaliweka nyuma ya nyumba, upepo ulipokuwa ukitokea mbele. Palikuwa mahali pazuri kwa moshi. Lakini waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo mtambo ukakaa jirani mno na ukuta ule alioegemea mjane, ukawa unamngurumia mgongoni tangu asubuhi.

Skola akatoka, macho yamevimba kwa kulia. "Baba Imelda," akamwambia mumewe, "mama anasema mashine yako inamlilia mume wake kuliko yeye. Hasikii nyimbo, hasikii sala, hata sauti yake mwenyewe haisikii. Anaomba muiingize stoo, mfunge mlango."

"Mwambie mama mtambo haukai ndani," Kandidus akajibu. "Nitamtuma mtu parokiani akachukue waya mrefu, niusogeze kule migombani."

Skola akaingia, na badala yake akatoka kaka yake, Gaudensi, uso umemwiva. "Shemeji, nasikia unabishana na mama."

"Sibishani. Moshi wa mtambo huu ni mbaya, Gaudensi. Ngoja waya uje."

"Baba amelala pale ndani, padri yuko njiani, wewe unaniambia ningoje waya? Tangu lini mkwe akamjibu mama mkwe, tena siku ya msiba? Watu wanakutazama!"

Nanyi vijana wa leo mnaokaa sebuleni na wakwe zenu mkitazama televisheni, hamwezi kujua uzito wa maneno hayo. Kwetu mkwe hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Akimwona njiani hupita kando. Chumba alichoketi hakiingii, na neno lake halijibu. Kandidus akatazama huku na huku, akaona kweli watu wanamtazama, na aibu ikamshika. Akajisemea moyoni, ni kwa kitambo tu, mpaka padri amalize. Wanaume wakaubeba mtambo ungali moto, wakauingiza stoo, Kandidus akauwasha, mlango ukafungwa, na Gaudensi akaziba nyufa za mlango kwa magunia ya kahawa.

Lakini nyumba zetu zile, mnazijua. Ukuta wa stoo na ukuta wa chumba ni mmoja, nao haufiki juu. Pale juu penye kenchi ni wazi, panya hupita, na sauti hupita. Kandidus alizaliwa katika nyumba kama hiyo, akakulia humo. Siku ile aliutazama mlango, hakutazama juu.

Mwanzoni kila mtu alifurahi. Ngurumo ikawa ya mbali, kwaya ikasikika vizuri, na Mama Teonesta akatuma salamu za shukrani. Mle ndani macho yakaanza kuwawasha wanawake, wakadhani ni machozi. Vichwa vikawagonga, na nani asiyeumwa kichwa kwa kulia? Harufu waliisikia, lakini nyumba ya msiba ina moshi wa kuni na ubani tangu alfajiri. Mama Teonesta akalalamika kichwa kinampasuka, basi Skola akamwinua akampeleka karibu na mlango, penye kaupepo, na yeye akarudi kuketi pale pale alipotoka mama yake, kwenye pembe ya ukuta wa stoo.

Uani wakaanza rozari. Nje wanaanzisha, ndani wanawake wanaitikia. Ikawa hivyo kwa muda, kisha itikio la ndani likapungua, likawa sauti moja, halafu likakoma.

"Afadhali," akasema mzee mmoja, "wamepoa. Wamekesha maskini, waacheni walale." Na kweli watu walipunguza sauti ili wasiwaamshe. Masikini ya Mungu, walipunguza sauti!

Kandidus alikuwa upande wa wanaume, masikio yake stoo. Akasikia mtambo wake unakoroma, unakosa pumzi, kama mtu aliyefunikwa blanketi usoni. Akainuka bila kuaga, akayavuta yale magunia, akafungua mlango. Moshi ukampiga kifuani. Akajitosa humo akazima. Ngurumo ilipokatika akasikiliza upande wa pili wa ukuta. Hakuna kikohozi, hakuna aliyesema afadhali mmezima. Ndipo akatazama juu, akaona ule uwazi.

Akakimbia mpaka mlango wa chumba. Akapiga hodi. Akaita, "Skola! Mama Imelda!" Kimya. Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango, wanangu, lakini mle ndani ameketi mama mkwe wake, mjane, kanga labda imemdondoka. Mkono ukarudi. Akakimbilia jikoni kumtafuta mwanamke wa kuingia kwa niaba yake. Wa kwanza akamwambia, "Shemeji, waache wapumzike." Wa pili alikuwa anaipua ugali, akasema anakuja. Kandidus akageuka, akarudi mbio, akausukuma ule mlango kwa bega.

Watu wakawavuta wale wanawake, wakawalaza nje kwenye ukungu. Mmoja akatapika, mwingine akalia, na mmoja mmoja wakarudi. Mama Teonesta, aliyekuwa mlangoni, alifumbua macho akauliza kama padri amefika. Skola hakurudi. Kandidus alimwita, akamtikisa, akamwita tena, mpaka Gaudensi mwenyewe akamshika mikono.

Wakawazika baba na binti, makaburi yamepakana.

Baada ya mazishi Kandidus akaketi chini nyuma ya nyumba, mgongo ameuegemeza kwenye jenereta lililokwisha kutolewa stoo, limepoa, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Watu wakamwona Mama Teonesta akitoka ndani kwa miguu yake, anayumba, anapita katikati ya wanaume. Akamwendea mkwe wake, akaketi naye chini, uso kwa uso. Waliokuwepo waliinamisha vichwa kwa kuona jambo hilo.

"Mwanangu," akasema, "niliomba kimya. Nimepewa."

Kandidus, ambaye tangu aoe hakuwahi kumjibu neno, akamjibu siku hiyo. "Mama, nilijua. Nilijua, na sikusema kwa nguvu."

"Ungepiga kelele."

"Ningepiga kelele, mama."

Mama Teonesta akauweka mkono wake juu ya lile bati la mtambo, akalia, akasema yale maneno ambayo nyinyi mmeyacheka leo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Kandidus alimtunza mpaka mwisho, wakila meza moja bila kujali nani anasema nini. Kila palipokuwa na shughuli Lihutu, mama yule alikwenda kuketi uani karibu na jenereta, hapo hapo penye ngurumo, watu wakimwonea huruma kwa masikio yake. Na likizimwa ghafla alisimama, akageukia nyumba, akaanza kuwaita waliomo ndani kwa majina, mmoja mmoja, wala hakuketi tena mpaka wote waitike.

Nendeni mkamsaidie Fridolini kulitoa nje, mlipeleke mbali, moshi uelekee bondeni. Wageni wakinung'unika, waambieni: heri kelele uani kuliko kimya chumbani.