Pimbi na Jiwe la Ziwani

Kreee! Kreee-kreee!

Mmesikia? Sogeeni, sogeeni hapa, huyo ni Pimbi analia mlimani, hata mimi mwili umenisisimka. Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani zile, juu mlimani palikuwa na barafu, na mteremkoni, chini kidogo ya barafu, palikuwa na ziwa, na ziwa lilizuiwa na ukuta wa changarawe tu. Wanyama waliishi bondeni. Pimbi, mama mwenye mtoto mchanga, ndiye aliyewekwa alinde ziwa. Ukingoni paliwekwa jiwe jeusi. Jiwe likilowa, Pimbi alie, wote wapande kilimani.

Jua likawaka, barafu ikayeyuka, to! to! to! Jiwe likalowa. Kreee! Wanyama wakapanda, watoto mgongoni, vyungu kichwani. Wakangoja. Maji hayakuja. Wakashuka.

Jiwe likalowa tena. Kreee! Wakapanda. Wakashuka, miguu imevimba.

"Ewe Mama Makelele," akasema Ngiri, mkubwa wa bonde, "tumechoka."

"Hata mimi nimechoka, mzee wangu. Sijalala tangu nijifungue."

"Basi dawa yake ndogo. Lisogeze jiwe juu!"

Ngiri na jamaa zake wakacheka, wakapiga makofi. Pimbi akaogopa, lakini usingizi ulimlemea. Akalisogeza. Jiwe kavu! Bonde zima likalala fofofo.

Maji yakapanda. Akalisogeza. Yakapanda. Akalisogeza.

Asubuhi moja jiwe liko juu ya ukuta wenyewe, nalo limelowa. Pimbi akatazama huku, akatazama kule. Alisogeze wapi tena? Na chini ya ukuta maji yanatoka, churururu.

Akambeba mwanawe mgongoni, akakimbia. Kreee! Kreee!

"Si alisogeze tu!" Ngiri akanung'unika, akageukia upande wa pili.

Waliopanda walipanda. Wengine wakasema, ngoja kwanza tumalize usingizi. Ukuta ukaachia, gubuu! Maji, matope, mawe. Bonde likawa mto.

Jioni Ngiri akatambaa kutoka matopeni peke yake, hana mke, hana watoto.

"Mama Pimbi, lile neno la jiwe... waliolisikia wamekwenda na maji. Usimwambie mtu mwingine. Niahidi."

"Nimwambie nani, mzee wangu? Na mkono uliolisogeza ni wangu."

Akaahidi.

Jamani, ukichoka kulinda, mwamshe mwenzio akupokee. Alama ya hatari usiisogeze.

Ngano yangu naitua hapo. Pimbi hajamwambia mtu mpaka leo. Aliahidi hatasema. Hakuahidi kwamba hatalia.