Mrashi wa Mwana Esha

Mizani haipimi mkono. Mmeisikia sokoni leo, mkaulizana mkono hupimwaje. Basi tulieni niwape chanzo chake. Si kirefu, na aliyeitamka kwanza alikuwa amechoka kuliko mimi.

Katika mji wa Siyu alikuwako sonara akiitwa Shee Mahadhi. Uzeeni macho yake yaliingia ukungu na vidole vikawa vinatetemeka. Akabaki na kazi ya kuunga vikuku vilivyokatika. Siku moja akaja Mwana Esha na mrashi wa fedha, chombo cha kunyunyizia wageni marashi harusini.

"Mzee Shee, niyeyushie huu unifulie mitali ya kuvaa miguuni. Binti yangu anaolewa Ijumaa."

Shee aliujua kabla hajaupokea. Aliufua mwenyewe ujanani, kwa harusi ya mamake Esha, na yale maua ya asumini shingoni aliyachonga miezi miwili. Kazi nzuri kama ile hakuifanya kabla wala baadaye. Moyo ukamwuma.

"Mwanangu, uache huu. Nitakutafutia fedha nyingine."

Esha akamkazia macho. Masonara wana sifa yao mjini. Ndiyo maana mwenye mali hukaa papo hapo kibandani, fedha yake ikapimwa kabla ya moto na baada yake.

"Kwani huu una nini? Au umeutamani?"

Neno lile lilimchosha mzee kuliko miaka yake yote. Alitaka kusema ni kazi yake, akaona itadhaniwa hila. Akaupima, Esha anatazama. Akautia motoni, Esha anatazama. Maua yakalegea, yakazama, yakaisha.

Alhamisi mitali ikawa tayari. Ikapimwa: sawasawa na mrashi. Esha akashusha pumzi, kisha akaisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa minene huku, myembamba kule, haina hata jani moja.

"Mzee Shee, mbona hukuitia maua kama yale ya mrashi? Harusi ni kesho! Niambie aliyeuchonga ule mrashi, nimpelekee sasa hivi."

Mzee akamfungulia viganja vyake, vinatetemeka.

"Ni mimi."

Esha akaigeukia mizani. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Lakini fedha si imetimia?"

"Imetimia, mwanangu. Umeilinda vizuri. Ila mizani haipimi mkono."