Sponji Ndani ya Boti ya Mzee Ambilikile

"Chepesi mkononi, kizito majini." Ndivyo mwalimu wa kwaya alivyomwambia Gwamaka sasa hivi, pale Gwamaka alipodakia kwamba wimbo wa Pasaka atauimba peke yake, wimbo ambao hata maneno yake hajayasoma. Mkacheka, kisha mkanigeukia na kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogezeni mabenchi. Methali hii hatukuachiwa na wahenga. Ilizaliwa hapa hapa Tukuyu, kwenye bwawa la samaki lililo nyuma ya kanisa, na wengi walioshuhudia wangali hai.

Palikuwa na fundi wa makochi aliyeitwa Lwitiko, mgane kwa miaka sita, mwenye kibanda chake karibu na stendi. Mikono yake ilisifika. Ukilikalia kochi lake, ulikuwa huinuki mpaka uombwe. Tena alikuwa mtu wa maombi, hakati kitambaa kabla ya kufumba macho. Kasoro yake ilikuwa moja tu: neno "sijui" halikuwahi kupita kinywani mwake. Akiulizwa njia ya mahali asipopajua, aliielekeza hivyo hivyo, na watu wakapotea kwa heshima.

Mwaka huo moyo wake ulikuwa umemwangukia Subilaga, mjane aliyeongoza sauti ya pili kwenye kwaya na kufuga ng'ombe wawili wa maziwa. Subilaga mwenyewe alikuwa radhi. Lakini desturi ni desturi. Mshenga alipeleka barua ya posa kwa kaka mtu, Mzee Ambilikile, dereva wa malori aliyestaafu, na sasa ilikuwa wiki ya tatu haijajibiwa. Kila Jumapili Lwitiko aliiona bahasha ikichungulia kwenye mfuko wa koti la mzee, na kila Jumapili mahubiri yakampita.

Mzee Ambilikile naye alikuwa na la kwake. Mwanawe, aliyefanya kazi melini huko ng'ambo, alikuwa amemletea boti ya kuchezea yenye urefu wa mkono mzima, inayoendeshwa kwa rimoti. Mtu aliyeshika usukani miaka thelathini alikuwa amepata tena cha kuendesha. Kila jioni alisimama kando ya bwawa, rimoti kifuani, na kwenye kona alipiga honi kwa mdomo. Siku moja alikata kona kwa kasi, boti ikalala ubavu, ikanywa maji, ikazama. Waliitafuta siku mbili kwa chandarua.

Ilipopatikana na kukaushwa, mzee alimpigia mwanawe simu, kisha akaibeba boti mpaka kibandani kwa Lwitiko.

"Fundi, mwanangu anasema nafasi zote tupu ndani ya tumbo la boti zijazwe kitu chepesi kinachoelea. Maji yakiingia, yasipate pa kukaa. Nikajiuliza, mjini hapa nani anashinda na vitu vyepesi? Nikakukumbuka wewe. Unaijua kazi hii?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema neno lile moja. Lwitiko aliitazama bahasha mfukoni mwa mzee.

"Ndiyo kazi yangu, shemeji."

"Shemeji wa nani? Barua sijaijibu."

"Samahani, mzee. Ndiyo kazi yangu."

"Vizuri. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tutaiweka majini. Ikielea, nitaifungua barua yako papo hapo, mbele ya watu."

Usiku huo Lwitiko alipiga magoti muda mrefu. Alimwomba Mungu aibariki kazi. Hakumwomba amfundishe kazi yenyewe ni ipi, maana aliona hiyo anaijua. Kulipopambazuka alichukua sponji yake bora, ile ya makochi ya wageni, akaikata vipande kwa kisu cha mkate, akavipaka gundi na kuvishindilia kila pembe ya tumbo la boti, akabakiza tu nafasi ya mota na betri. Juu akatandika kitambaa chekundu na kukishonea ukingo. Nusura atie na vifungo. Alipomaliza, ndani ya boti mlikuwa na starehe kuliko sebule nyingi za Tukuyu.

Subilaga alipita na ndoo yake ya maziwa, akachungulia.

"Fundi, umeshaijaribu majini?"

"Ya nini? Sponji naijua tangu sijaota ndevu."

"Unaijua ikiwa imekaliwa," Subilaga akasema. "Mimi nauliza ikiwa imelowa."

Lwitiko akacheka, akampa kipande akishike. "Kipime mwenyewe. Unasikia uzito wowote?"

Subilaga alikipima kiganjani, akakirudisha, akaenda zake.

Jumamosi asubuhi mzee alikuja kuichukua boti. Aliinyanyua kwa vidole viwili, akaishusha, akainyanyua tena. Akabonyeza sponji kwa kidole gumba, ikashuka na kupanda.

"Umeongeza kitu kweli? Sioni tofauti."

"Huo ndio ufundi, mzee."

"Chepesi!" mzee akasema. "Chepesi kweli." Akaondoka akitabasamu, na Lwitiko akaenda kupiga pasi suti yake ya kijivu.

Alasiri kwaya nzima ilishuka bwawani. Mzee Ambilikile aliiweka boti majini, akaizungusha mara mbili, akapiga honi zake. Kisha akainua mkono watu wanyamaze.

"Kuelea ikiwa kavu, hata jani linaelea. Leo nataka ijae maji kwanza, ndipo mjue kazi ya fundi huyu."

Akaiendesha kwa kasi, akakata kona kali. Boti ikalala ubavu, maji yakaingia, ikainuka tena. Imeshuka kidogo, lakini inakwenda. Watu wakapiga makofi.

"Haleluya!" Lwitiko akapaza sauti, akamtupia jicho Subilaga.

Sasa, sponji ni kitu chenye subira. Hainywi kwa pupa. Ilikunywa maji ya bwawa taratibu, kama mgeni mwenye adabu anavyokunywa chai, kikombe baada ya kikombe. Katikati ya bwawa boti ilianza kushusha nyuma na kuinua pua.

"Fundi," mzee akauliza bila kuondoa macho majini, "mbona nakanyaga mafuta haiendi?"

"Inazoea maji, mzee."

"Inazoea?"

"Sponji mpya hukaa kidogo kwanza. Hata kochi jipya..."

"Boti inakaa?"

"Inakaa," mama mmoja wa sauti ya pili akadakia, "tena inatafuta na pa kuegemea!"

Kicheko kilienea ukingoni. Mota iliendelea kukoroga maji nyuma ya boti, mapovu yakapanda, na pua ikazidi kutazama mbinguni. Lwitiko alifumba macho kuomba. Alipoyafumbua, kilichobaki juu ya maji kilikuwa kibendera cha puani mwa boti. Kisha nacho kikaaga.

Hakuvua hata viatu. Aliingia na suti yake, maji yakampata magotini, kiunoni, kifuani. Akapapasa kwa miguu, akazama kichwa, akaibuka na boti. Kitu ambacho mzee alikinyanyua asubuhi kwa vidole viwili, yeye alikitoa kwa mikono miwili, amekikumbatia kama mtoto aliyelala, huku kinammwagia maji kila upande. Aliteleza mara mbili kabla ya kufika ukingoni.

Mzee Ambilikile alifungua kifuniko, akachomoa kipande cha sponji, akakikamua. Maji yakamwagikia viatu vyake. Akakikamua tena, yakatoka mengine. Akakikamua kwa mikono miwili, kwa nguvu, na yakazidi kutoka.

"Kaka," Subilaga akasema, "huyo ana maziwa kuliko ng'ombe wangu wote."

Watu walishika mbavu. Mzee hakucheka. Aliiweka ile sponji juu ya nyasi, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Lwitiko, asubuhi ulinipa kitu chepesi mkononi. Sasa ni kizito majini. Nieleze."

Lwitiko alifungua kinywa. Sababu zilikuwa tayari ulimini, tena nyingi: gundi, maji ya bwawa lenye matope, ile kona kali. Lakini alipoinua uso alimwona Subilaga ameacha kucheka. Anamtazama tu, kama mtu aliyeuliza swali tangu juzi na bado anasubiri jibu.

"Sijui," Lwitiko akasema.

Watu waliomfahamu miaka ishirini walitazamana.

"Umesemaje?"

"Sijui, mzee. Leo sijui, na uliponiletea boti pia sikujua. Mimi najua makochi. Niliogopa nikisema sijui, barua yangu itarudi."

Mzee aliitoa bahasha mfukoni, akaipima kiganjani kwa muda.

"Kosa si lako peke yako," akasema. "Mimi nami niliipima boti kwa kidole gumba, nikaridhika. Aliyeuliza habari ya maji ni Subilaga peke yake, kama alivyonisimulia, naye hatukumsikiliza. Sasa nikikupima wewe kwa suti na kwa bahasha nzuri, nitakuwa nimerudia kosa lile lile, tena juu ya dada yangu. Sponji naweza kuikamua nikaianika. Dada yangu nitamwanika wapi?"

"Kwa hiyo unanikatalia?"

"Sijakukatalia. Nakuloweka. Masika inaanza. Njoo ulime na sisi kama wakwe wa zamani walivyolima. Nataka nikuone ukilowa."

Nanyi mnaijua masika ya Tukuyu. Lwitiko alilima kwenye tope linalovua watu viatu. Alikata majani ya ng'ombe kabla ya alfajiri, akabeba mizigo ya ndizi kwenye miteremko, akaanguka, akainuka. Mwenye zamu ya kuomba kabla ya kazi alikuwa yeye, na siku hizo maombi yake yalikuwa mafupi, maana mvua haikusubiri amina. Alipoulizwa jambo asilolijua, alijibu "sijui". Mwanzoni alilisema kama mtu anayemeza dawa chungu. Baadaye likawa linatoka lenyewe.

Boti nayo aliirudia. Safari hii alikwenda kuuliza, na muuza televisheni mmoja akampa lile povu jeupe gumu ambalo hufungiwa televisheni mpya zisigongwe. Lwitiko alilizamisha kwenye ndoo, akaliwekea jiwe juu, akaliacha siku tatu. Akalitoa, akalipima: lilikuwa jepesi vile vile. Ndipo akalikata na kulipanga tumboni. Boti ilijazwa maji mpaka juu, bata akapanda akaketi juu yake, na haikuzama. Mzee alipiga honi mpaka koo likamkauka.

Mwishoni mwa Juni mvua ilikatika. Jioni moja Mzee Ambilikile alimwita dada yake.

"Haya. Mtu wako amelowa miezi minne. Unasemaje?"

"Amelowa sana, kaka," Subilaga akajibu. "Lakini hajawa mzito."

Mzee akaichana bahasha, akaisoma barua kwa mara ya kwanza, na kesho yake akamwita mshenga.

Tangu mwaka ule, hapa kwetu mtu akisifu paa kabla ya mvua, au akisifu rafiki kabla ya shida, au akipokea kazi ambayo hajaijaribu hata siku moja, hatumgombezi. Huenda anaiweza, huenda haiwezi. Tunamwambia tu alichosema mzee yule ukingoni mwa bwawa, viatu vyake vikiwa vimejaa maji: chepesi mkononi, kizito majini.