Chumba cha Ubavuni mwa Gari

Hapo zamani, na si zamani sana, maana magari yalikuwapo na barabara ya kupanda uwanda wa Kitulo ilikuwa bado ya vumbi, aliishi mjane aitwaye Subilaga. Marehemu mumewe, fundi wa maturubai, alimwachia gari na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa cha turubai, kimeshonwa kwa mkono. Ukikifunga ubavuni mwa gari na kukaza kamba zake, watu watano walilala humo kama wako kwao. Kila mwaka, maua yalipochanua uwandani, familia ilipanda na chumba chake ikakaa siku tatu.

Mwaka huo Subilaga alijua kwamba magoti yake hayatampandisha tena. Akawaambia wanawe watatu kuwa wakishuka, gari na chumba atamkabidhi mmoja wao tu, yule atakayeonyesha kwamba anaweza kuitunza familia ndani yake. Ambakisye, mkubwa, ndiye aliyeendesha gari. Tulinagwe, wa pili, alikuwa mshonaji kama baba yake. Lusekelo, kitindamimba, hakuwa na kazi ila kumchunga Ipyana, mjukuu yatima wa miaka saba, aliyelelewa na Subilaga.

Marehemu aliacha sharti moja. Ukungu ukishuka, wote waingie ndani, kila mmoja ataje jina lake, ndipo zipu ifungwe. Na ikishafungwa, isifunguliwe mpaka jua lirudi. Alikuwa akisema ukungu wa kule juu huazima sauti za watu.

Siku ya pili, saa nane mchana, ukungu ukashuka. Mlima ukafutika, maua yakafutika, hata boneti la gari likafutika. Wakakimbilia ndani.

"Subilaga."

"Ambakisye."

"Tulinagwe."

"Lusekelo."

Na karibu na mlango, sauti ndogo ikasema, "Ipyana."

Sauti tano, watu watano. Zipu ikafungwa.

Mtoto alikaa pale mlangoni, amejifunika blanketi gubigubi, uso ameuelekeza kwenye turubai. Subilaga alimwuliza kama anasikia baridi. Kimya. Akadhani amesusa, maana asubuhi alinyimwa andazi la tatu.

Ndipo kucha zikakwaruza turubai kwa nje, upande wa nyuma.

"Bibi, nifungulie. Nimelowa."

Subilaga hakuthubutu kugeuza shingo. Sauti ya nje ilikuwa ya Ipyana. Blanketi la ndani lilikuwa la Ipyana. Sharti lilikuwa la mumewe, na mumewe hakuwapo wa kuulizwa.

Ambakisye akanong'ona, "Mama, tazama pumzi zetu."

Baridi ilikuwa kali. Kila aliyepumua alitoa moshi: mama, Ambakisye, Tulinagwe, Lusekelo. Pale mlangoni hapakutoka kitu.

Hakuna aliyethubutu kulipita blanketi lile ili aifikie zipu. Tulinagwe akatoa mkasi wake, akaupasua ukuta wa nyuma, palepale kwenye mshono ambao baba yake aliushona mwaka aliozaliwa yeye. Akapenyeza mkono nje. Hapakuwa na mtu. Sauti ilikuwa imeanza kwenda mbali.

Lusekelo akajifunga kamba kiunoni, akajipenyeza, akapotea. Kamba ikaenda. Ikasimama. Ikatetemeka, ikalegea, na Subilaga akajiona amekwisha kuzika wawili. Kisha Lusekelo akarudi akitambaa, Ipyana kifuani, midomo ya mtoto imekuwa ya bluu.

Walipogeuka, blanketi lilikuwa limelala chini bapa. Subilaga alilishika. Lilikuwa na joto, kama la mtu aliyeinuka sasa hivi. Na zipu ilikuwa bado imefungwa.

Jua liliporudi, kila mmoja wa wale watatu alidai chumba.

Ambakisye alisema kwamba bila macho yake wangemkumbatia asiyepumua na kumwacha nje anayepumua. Tulinagwe akamcheka. "Macho yako, kaka? Nilikuona ukilikodolea blanketi tangu mwanzo, ukanyamaza kwa woga mpaka mtoto alipolia. Mimi niliukata mshono wa baba."

"Ndiyo, uliukata," akasema Ambakisye. "Tukupe chumba ulichokitoboa?"

Lusekelo akasema macho hayakutoka nje, wala mkasi haukutoka nje. Aliyetoka ni yeye. Tulinagwe akamjibu taratibu, "Na aliyekuwa anamchunga mtoto ni nani, mdogo wangu?" Lusekelo akainamisha kichwa, lakini dai lake hakuliondoa.

Subilaga akamvuta Ipyana mapajani, akamwuliza alilionaje gari katika ukungu ule. Mtoto akasema hakuliona. Alikuwa amefika ukingoni mwa bonde, mguu mmoja tayari hauna pa kukanyaga, ndipo akasikia mtu akitaja jina la Ipyana, kwa sauti ya Ipyana mwenyewe. Akageuka, akaifuata, ikamfikisha kwenye turubai.

Wote wanne wakalitazama blanketi.

Saa ya kushuka ilipofika, Subilaga alikuwa ameshika chumba kimekunjwa mikononi, na gari linanguruma tayari kushuka. Alipaswa kukikabidhi kabla hawajafika chini, na neno la mama halirudi nyuma. Mmoja alitambua, akachelewa kusema. Mmoja alikata, akaharibu. Mmoja aliokoa, baada ya kupoteza. Na mmoja aliita, wala hawakujua ni nani, wala alitaka nini.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msitazamane. Je, ni nani aliyestahili chumba kile? Na kama ni yule wa nne, Subilaga akiache pale uwandani, au ashuke nacho?