Ting ya Mzee Kibwana

Ting. Kila usiku sauti hiyo ilipenya ukutani, tukajua programu ya jirani yetu Mzee Kibwana imeshinda tena kwenye mnada wa mtandaoni. Ilingoja sekunde ya mwisho, ikaongeza elfu moja juu ya dau la yeyote. Alizoa cherehani zote ili atukodishe sisi wanawake.

"Nimeipa laki tatu za kutumia kila usiku," alijigamba. "Wewe na elfu sitini zako, mama mtoto, utanikodi tu."

Nikalia huku nanyonyesha, maana bila cherehani sikuwa na kazi. Wifi yangu Zamda akanipa simu.

"Unayoitaka inafungwa saa nne usiku. Lakini ipo nyingine, inafungwa dakika tano kabla. Iwekee laki mbili na elfu tisini na tisa."

"Wifi, nitazitoa wapi? Tena wameandika cherehani haina kichwa, ni meza tupu."

"Wewe weka."

Nikaweka, mtoto naye akaniuma. Ikabaki sekunde moja.

Ting.

Kisha nikaweka elfu sitini kwenye ile nzima. Saa nne ikafika, ukuta kimya. Nikashinda.

Asubuhi Mzee Kibwana alibisha hodi. "Nani kaniuzia meza kwa laki tatu?"

"Mimi, mzee," alisema Zamda. "Niliandika wazi haina kichwa. Kwani programu yako haisomi?"

Mzee akashusha sauti. "Basi msimwambie mtu."

"Tuliokwisha kuwaambia wanatosha, mzee," Zamda akamwahidi. "Kuanzia sasa hatumwambii mwingine."